Kiseyeye, Kimeo na Noma: Maradhi ya Kinywa na Majina Yake Katika Historia ya Voi na Pwani

Utangulizi

Makala hii inahusu maradhi ya kinywa, yaani uvimbe wa ufizi, vidonda vya ulimi na vya mashavu, pamoja na tiba zilizopata kutumiwa kuyaponya. Huenda msomaji akaona kwamba jambo hili ni la matabibu peke yao, wala haliwahusu wanaisimu. Lakini mgonjwa haendi kwa mganga na kidonda tu. Huenda na jina la kidonda. Jina hilo ndilo linaloamua kama atapewa ndimu, au atakatwa kwa wembe, au atapelekwa hospitali, au ataambiwa arudi nyumbani angoje. Hoja yetu ni kwamba majina ya maradhi haya katika Kiswahili hutaja zaidi mahali panapouma na sura ya kinachoonekana kuliko chanzo chake, na kwamba hali hiyo, ingawa ni ya kawaida katika lugha zote, imekuwa na gharama kwa wagonjwa.

Tunaanzia Mraru na Voi, katika Taita Taveta, kwa sababu mbili. Kwanza, huko mgonjwa husema lugha zaidi ya moja kabla ya kutibiwa. Nyumbani huenda akasema Kidawida au Kisaghala; sokoni, stesheni na katika zahanati husema Kiswahili; na cheti chake huandikwa kwa Kiingereza. Pili, nchi hiyo iko katika njia ya zamani baina ya Mombasa na Kilimanjaro. Misafara ilipita hapo, kisha reli, kisha majeshi, kisha barabara kuu, na kila kilichopita kilibadili chakula cha watu na, kwa hiyo, vinywa vyao.

Mdomo, kinywa na ngeli ya KI-VI

Yafaa tuanze na jina la kiungo chenyewe. Neno kinywa limetokana na kitenzi -nywa, na maana yake ya asili ni mahali pa kunywea. Mdomo, kwa upande wake, ni ukingo wa nje, ndiyo maana ndege naye ana mdomo. Katika mazungumzo ya kila siku mdomo umeimeza kazi ya kinywa, hata mtu husema ana kidonda cha mdomo bila kubainisha kama kiko juu ya midomo, ufizini, chini ya ulimi au kooni. Kwa tabibu tofauti hizo ni kubwa. Malengelenge yanayozuka pembeni mwa midomo wakati wa homa husababishwa na virusi, nayo hupona yenyewe. Mipasuko ya pembe za mdomo yaweza kuwa dalili ya upungufu wa vitamini za jamii ya B au wa madini ya chuma. Kidonda kigumu ubavuni mwa ulimi ni jambo jingine kabisa.

Jambo la pili ni ngeli. Kiswahili huyaweka maradhi mengi katika ngeli ya KI-VI: kichocho, kifaduro, kipindupindu, kisonono, kifafa. Kiseyeye na kimeo yamo katika kundi hilo. Ngeli hiyo, ambayo pia hubeba majina ya watu wenye kasoro ya viungo kama kipofu na kiziwi, hulifanya radhi lionekane kama kitu kimoja chenye umbo lake, kinachomwingia mtu na chenye kuweza kutolewa. Tutaona hapa chini kwamba fikra hiyo haikubaki katika sarufi peke yake.

Kiseyeye, ugonjwa wa safari

Kiseyeye ni jina la ugonjwa ambao ufizi huvimba, hulegea na kutoa damu, na meno hutikisika. Kamusi hulilinganisha neno hili na ugonjwa unaotokana na ukosefu wa vitamini C. Katika kumbukumbu zilizoandikwa, pwani yetu ina nafasi ya pekee katika historia ya ugonjwa huo.

Merikebu za Vasco da Gama zilipofika Mombasa tarehe 7 Aprili 1498, mabaharia wengi walikuwa wagonjwa. Miezi michache kabla ya hapo, katika pwani ya Msumbiji ya leo, miguu na mikono yao ilikuwa imevimba, na ufizi umeota juu ya meno hata wakashindwa kula. Mtawala wa Mombasa aliwapelekea kondoo, machungwa, malimau na miwa mingi. Mwandishi wa habari za safari ile aliandika kwamba wagonjwa walipona mjini hapo, akatoa sababu yake: hewa ya Mombasa ni nzuri. Katika kurudi kutoka Bara Hindi walikaa baharini karibu miezi mitatu, na watu wapatao thelathini wakafa. Walipotia nanga Malindi, Januari 1499, waliomba machungwa kwa ajili ya wagonjwa. Kwa hiyo waligundua tiba kwa mwili kabla ya kuijua kwa akili, lakini kwa kuwa sifa ilipewa hewa, elimu hiyo haikushika. Ilipita karne mbili na nusu hadi James Lind, mwaka 1747, alipowagawa mabaharia kumi na wawili wawili wawili, akaona kwamba waliopewa machungwa na limau ndio waliopona upesi. Jeshi la majini la Uingereza lilianza kutoa maji ya limau kwa kawaida mwaka 1795, na vitamini C yenyewe ilitambuliwa mwaka 1932.

Somo la kisa hiki si kwamba wazungu hawakujua na Waswahili walijua. Ni kwamba tiba inayotolewa bila jina la chanzo husahaulika kwa urahisi.

Njaa, reli na posho

Kutoka bandarini, njia ya bara ilipita katika nyika kavu ya Taru hadi Maungu, kisha Sagalla na vilima vya Taita. Rebmann aliipita nchi ya Taita katika safari iliyomfikisha mbele ya Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848. Mwaka 1883 mmisionari J. A. Wray wa CMS alifika kukaa Sagalla, na mara baada ya hapo ikaja njaa kubwa ya 1884 na 1885 ambayo Wataita huiita Mwakisenge. Njaa nyingine ilifuata katika miaka ya mwisho ya karne ile, wakati reli ya Uganda ilipokuwa ikijengwa kupitia Voi.

Kinywa ni miongoni mwa viungo vya kwanza kuitangaza njaa. Utando wa ndani ya kinywa hujifanya upya kwa siku chache, na kwa hiyo huhitaji chakula bora daima. Mtu asiyepata matunda wala mboga kwa muda wa mwezi mmoja hadi mitatu huanza kutokwa na damu ufizini. Anayeishi kwa mahindi matupu, bila kunde, maziwa wala nyama, ulimi wake huweza kuwa mwekundu na wenye kuwasha kwa kukosa niasini. Chakula cha Wataita cha zamani kilikuwa na kinga dhidi ya hayo. Kimanga, yaani mihogo iliyopondwa pamoja na maharagwe, si wanga mtupu. Na katika nyika ya chini ya Voi imesimama mibuyu, ambayo unga wa matunda yake una vitamini C mara kadhaa kuliko chungwa la uzito ule ule. Mtoto anayefyonza ubuyu njiani anajitibu bila kujua.

Mfumo mpya wa kazi ndio uliobadili mambo, nao umeacha alama katika lugha. Posho ni neno la zamani la sehemu ya chakula anayopewa mtu wa safari au wa kazi. Katika mashamba ya mkonge ya Voi na Mwatate, katika kambi za reli na za jeshi, posho hiyo ilikuwa zaidi unga wa mahindi, hata katika Kenya na Uganda neno likahama kutoka kwa kipimo likawa jina la unga wenyewe. Mabadiliko hayo ya maana ni ushahidi wa historia ya lishe: chakula cha mfanyakazi kilikuwa kimekuwa kitu kimoja.

Vita vya 1914 hadi 1918 viliongeza uzito wa jambo hilo. Wajerumani waliiteka Taveta Agosti 1914. Mwaka 1915 Waingereza wakajenga reli ya vita kutoka Voi kuelekea Maktau, na Taveta ilirudishwa mikononi mwao Machi 1916. Mizigo ya vita hivyo ilibebwa na wapagazi wa Carrier Corps, jina ambalo Kiswahili kililigeuza kuwa Kariakoo. Wapagazi waliokufa walihesabiwa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa maradhi wala si kwa risasi, na unga uliosagwa vibaya na kupikwa nusu ulikuwa miongoni mwa sababu.

Kimeo na meno ya plastiki

Hadi hapa tumeona ugonjwa uliotaka chakula. Sasa tutazame majina yaliyoita kisu.

Kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo huitwa kidakatonge, au kilimi, au kimeo. Majina mawili ya kwanza yamebaki kuwa ya kiungo. La tatu limekuwa jina la kiungo na la ugonjwa pia: mtu akikohoa siku nyingi, akitapika au akikosa hamu ya kula, husemwa ana kimeo. Kwa kuwa kila mwanadamu anacho kidakatonge, kila anayekohoa aweza kuambiwa hivyo. Na kwa kuwa kimeo ni kitu, tiba yake ni kukiondoa. Ukataji huo umeenea tangu zamani katika Afrika ya Mashariki. Hatari zake ni kuvuja damu, pepopunda na maambukizo ya virusi kwa wembe uliotumika kwa wengi. Na hatari kubwa kuliko zote ni kwamba kikohozi chenyewe, ambacho pengine ni kifua kikuu, huendelea bila kutibiwa. Katika lugha ya vijana wa leo kimeo ni kitu chochote kibovu kisichotegemeka. Neno limezidi kupanuka.

Jina meno ya plastiki, au meno ya nailoni, ni geni zaidi, kwani nailoni na plastiki zenyewe ni vitu vya karne ya ishirini. Mtoto mchanga akiharisha au akipata homa, watu humtazama ufizini, huona uvimbe mweupe mahali ambapo meno ya chonge yanajitayarisha kuota, na kusema hayo ndiyo yanayomuua. Huchimbuliwa kwa spoku ya baiskeli, kisu au ukucha. Mwaka 1969 Pindborg aliandika juu ya desturi kama hiyo katika Uganda, na tangu miaka ya 1980 majina haya mawili yamejulikana sana Tanzania. Jina limemkuta mzazi akiwa na hofu ya kweli, kwa sababu homa na kuharisha huua watoto kweli. Kosa liko katika kiunganishi: kilichoonekana wakati mmoja na ugonjwa kimeitwa chanzo chake. Mtoto aliyepona malaria kwa bahati hubaki bila chonge. Asiyepona hubaki ushahidi kwamba alicheleweshwa.

Majina ya leo na haja ya kuyapambanua

Si haki kuzilaumu tiba za kienyeji zote pamoja. Mswaki umepewa jina la mti wenyewe, ambao huota katika nyika za Tsavo, nao husafisha meno vyema. Maji ya chumvi ya uvuguvugu hutuliza ufizi, na mafuta ya karafuu hupunguza maumivu ya jino. Tiba hizi hazidhuru maadamu hazimzuii mgonjwa kutafuta chanzo.

Lakini kuna mahali ambapo kuchelewa ni kifo. Mtoto mwenye lishe duni, aliyetoka kuugua surua, akianza kuvimba ufizi na kutoa damu, mzee wa Kiswahili atasema ana kiseyeye, na atampa ndimu. Huenda ni mwanzo wa ugonjwa uitwao noma, ambao kutoka ufizini hula shavu na mfupa wa uso kwa muda wa siku chache. Bila tiba, huua watoto wapatao tisa katika kumi. Ukitambuliwa mapema, huzuiwa kwa viuavijasumu, usafi wa kinywa na chakula bora. Shirika la Afya Duniani liliuingiza katika orodha ya magonjwa ya tropiki yaliyosahauliwa Desemba 2023. Jina lake limetokana na neno la Kigiriki la kula. Katika Kiswahili cha mitaani, hata hivyo, noma ni jambo gumu au la hatari. Muuguzi akimwambia mama kwamba mtoto ana noma, mama atafahamu tu kwamba hali ni mbaya, jambo analolijua tayari. Hapa mtunga istilahi anadaiwa kazi.

Vivyo hivyo utando mweupe wa ulimi. Kwa mtoto anyonyaye ni ukuvu wa kawaida, na huondoka kwa nistatini. Kwa mtu mzima huenda ukawa dalili ya kinga ya mwili kupungua. Tangu UKIMWI ulipotambuliwa Kenya mwaka 1984, watu wamejifunza kuusoma utando huo katika vinywa vya jirani zao, na wengi wakauficha badala ya kutibiwa. Na donda lisilopona kwa wiki mbili au tatu, hasa kwa avutaye sigara, atafunaye tumbaku au tambuu, hupasa kuchunguzwa kwa hofu ya saratani. Kiswahili hakina jina la donda hilo linalolitenga na vidonda vingine. Fungu la maneno 'donda lisilopona' latosha, iwapo litafundishwa kama istilahi wala si kama maelezo ya kupita.

Tamati

Tumeona kwamba machungwa ya Mombasa yaliponya mwaka 1498 na sifa ikapewa hewa. Kwamba posho iliitwa chakula ingawa ilipungukiwa. Kwamba kidakatonge na chonge changa vilihukumiwa kwa majina yao. Kamusi zetu zimekuwa zikieleza majina haya kwa kutoa kisawe kimoja cha Kiingereza, kana kwamba kiseyeye ni ugonjwa mmoja tu. Inafaa kamusi na orodha za istilahi za afya zieleze kila jina kwa matumizi yake halisi, zikitaja magonjwa mbalimbali yanayoweza kufichika chini yake. Kazi hiyo haiwezi kufanywa na daktari peke yake, kwa kuwa yeye hulisikia jina baada ya kufasiriwa. Wala haiwezi kufanywa mezani tu. Hapana budi mwanaisimu akae Mraru na mahali pengine kama hapo, asikilize Kidawida, Kisaghala na Kiswahili vikikutana mlangoni mwa zahanati, na aandike kile mama anachokisema kabla mtu mwingine hajakigeuza.