Kutoka Kariakoo Hadi Kunduchi: Miji ya Wafanyabiashara wa Zamani

Ndugu zangu tuliosoma pamoja, nanyi vijana mnaokalia madawati yetu leo, naomba niwapeleke Kunduchi kwa kupitia Kariakoo.

Siku zetu za shule nilikaa kwa babu, Mtaa wa Nyamwezi, katika nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita, ukumbi mrefu katikati na baraza mbele. Kila asubuhi nilipita Mtaa wa Kongo na wa Livingstone kwenda darasani, ambako mwalimu wa Historia alitufundisha habari za misafara ya Wanyamwezi. Sikuwahi kufikiri kwamba nilikuwa nimetoka kulikanyaga somo lenyewe. Hata jina la Kariakoo ni la wapagazi: wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walikiweka kikosi chao cha Carrier Corps katika jengo la soko walilolijenga Wajerumani, na wenyeji wakalitamka jina hilo kwa ulimi wao. Hapo ndipo lilipojengwa soko alilolisanifu Beda Amuli, lililofunguliwa mwaka 1975 na kuungua Julai 2021.

Jumamosi moja nilipanda daladala na mwanangu, ambaye sasa yuko kidato cha pili shuleni kwetu, tukashuka Mtongani na kutembea hadi kwenye magofu ya Kunduchi. Pana msikiti uliobomoka zamani, na makaburi yenye nguzo, mengi yake ya karne ya 18 na 19. Katika nguzo hizo wazee walipachika mabakuli na sahani za kauri kutoka China. Aliyelala humo huenda hakuiona China hata siku moja, maana vyombo hivyo vilipita mikono mingi kabla ya kuletwa na majahazi ya kaskazi. Lakini jamaa zake walitaka kila mpita njia ajue kwamba marehemu alikuwa mtu mwenye uwezo. (Siku hizi mwenye duka wa Mtaa wa Kongo hupanda ndege mwenyewe hadi Guangzhou.) Vyombo vingi vimeng'olewa. Mwanangu alitia kidole katika shimo la duara akauliza, "Baba, aliyekichukua ni nani?" Sikuwa na jibu.

Kutoka hapo tulikwenda Kaole, mji uliostawi tangu karne ya 13 hivi. Bandari yake ilipojaa tope na mikoko, biashara ilihamia Bagamoyo, mwendo wa kilometa chache tu. Bagamoyo nayo ikanenepa kwa pembe za ndovu. Humo alifanya biashara Sewa Haji, Mhindi aliyeiuzia misafara shehena na kuitafutia wapagazi. Jina lake analijua kila aliyekwenda kumtazama mgonjwa Muhimbili. Mwaka 1891 Wajerumani wakahamishia makao makuu Dar es Salaam, penye bandari yenye kina, katika mji ulioanzishwa na Seyyid Majid miaka ya 1860 kando ya kijiji cha Mzizima.

Nilipokuwa njiani kurudi, swali la mwanangu halikunitoka. Babu alifariki mwaka 2004. Mwaka 2011 sisi warithi tulitia saini, nyumba ikauzwa na kuvunjwa. Mimi, niliyesoma Historia chuo kikuu, ndiye niliyeandika barua zote, kwa Kiswahili safi cha ofisini. Fedha zile zilisomesha watoto wa ukoo, akiwamo huyu, na siwezi kusema tulikosea kuuza. Lakini hatukupiga picha hata moja, wala ya mlango wala ya baraza.

Jioni ile mwanangu alitaka aonyeshwe mahali penyewe. Limesimama ghorofa, na chini yake pana duka la vyombo. Nilipindua sahani moja nikasoma: imetengenezwa China. Kijana alicheka sana, mimi nikacheka kidogo.

Basi, ndugu zangu, yeyote mwenye picha ya Mtaa wa Nyamwezi au mitaa jirani kabla ya maghorofa, hata kama yumo yeye mwenyewe na kaptula ya shule, aje nayo siku ya mkutano wetu. Nitaleta mashine ya kunakilia.