Kutoka Kibera hadi Kawangware, kupitia Ujerumani

Kibera na Kawangware zote ziko Nairobi, tena si mbali. Lakini hadi Aprili 2015, pesa za M-Pesa kati ya mitaa hiyo zilishughulikiwa na seva zilizokuwa Ujerumani.

M-Pesa ilipoanza Machi 2007, menyu yake ilikaa ndani ya laini ya simu, na ombi lilisafiri kama SMS iliyofichwa kwa msimbo. Mwaka 2015 waandika programu wakafunguliwa mlango wa SOAP, itifaki inayofunga kila ombi ndani ya XML nzito. Mwaka 2017 ikaja Daraja, inayotumia HTTP na JSON nyepesi.

Wenzangu mnaoandika programu za maduka, angalieni hapa: ukimtumia mteja ombi la kulipa, jibu la kwanza la Daraja husema tu kwamba ombi limepokelewa. Matokeo ya malipo huja baadaye, kwenye anwani ya seva yako. Ukichanganya majibu haya mawili, mama mwenye kioski Kawangware atatoa unga ambao haujalipiwa, na hasara ni yake. Usiandike "imelipwa" kabla ya jibu la pili.

Tuonane wiki ijayo!