Nani Atamsemea Mgeni?

Ukisimama ukingoni mwa milima ya Manga asubuhi isiyo na ukungu, uwanda wa Kano unauona wote chini yako, na mbele zaidi Ziwa Viktoria linameta kama bati jipya. Mtandao hapo haukatiki, ndiyo maana kaka yangu hupanda huko kuzungumza na mwanawe aliyekuwa akisoma Marekani. Siku moja ya Mei nilikuwa naye. Kijana alilia kabla ya kusalimia. Rekodi yake ya uanafunzi ilikuwa imefungwa tangu Oktoba, na miezi saba yote alikuwa akitafuta maneno ya kumwambia baba yake.

Chanzo chenyewe kilikuwa kidogo kiasi cha kuumiza. Karo ya kule hudaiwa Agosti. Bonasi ya chai ya huku huingia karibu Oktoba. Mwaka ule kaka yangu alilazwa na akiba ikaishia hospitalini. Kijana akaacha masomo mawili ili deni lipungue, akashuka chini ya kredi 12 ambazo mwanafunzi wa shahada ya kwanza mwenye viza ya F-1 hutakiwa kuzibeba kila muhula. Hakupita kwanza ofisi ya wanafunzi wa kigeni kuomba ruhusa. Chuo kikaripoti, kama sheria inavyokitaka, na tangu hapo akawa mtu anayekaa nchi ya watu bila sababu inayotambulika.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilinganisha namna watu mbalimbali wanavyomrudisha mgeni aliyepoteza haki ya kukaa. Nimeanzia nyumbani. Ekegusii, lugha yetu, kina neno omomenya, kutokana na komenya, yaani kuishi. Omomenya ni mtu anayeishi kwenye ardhi ya ukoo usio wake: alikimbia vita, njaa au ugomvi wa kwao, akaonyeshwa mahali pa kujenga na kulima. Masimulizi ya wazee yanasema watu wa ukoo wa Abagetutu waliongezeka hivyo, wakiwapokea kwenye milima hii wale waliokimbia mashambulizi ya Wakipsigis na Wamaasai katika karne ya 19. Haki ya omomenya ilikuwa mtu. Alikuwa na mwenyeji wake, na akiingia makosani, mwenyeji huyo ndiye aliyesimama mbele ya wazee kumsemea. Neno likiwa zito, kulikuwa na emuma, kiapo ambacho hakuna aliyethubutu kukichezea. Na wazee walikaa walipokamilika. Mmoja akiwa mgonjwa, walimngoja.

Pwani nako kuna jambo la jinsi hiyo, ila limeandikwa vitabuni. Katika fiqhi, amani ni ahadi ya usalama anayopewa mgeni kutoka nchi ya maadui ili aingie, afanye biashara yake na atoke salama. Wanazuoni wengi walikubali kwamba hata Mwislamu wa kawaida, mradi ni mtu mzima mwenye akili timamu, anaweza kuitoa ahadi hiyo, na dola nzima ikafungwa nayo. Kila ninapolitafakari hili nastaajabu. Muuza samaki anamwambia mgeni, "Umo katika amani yangu," na mtawala hana budi kuliheshimu neno la muuza samaki.

Lakini sitaki kuzipamba mila zinazomweka mgeni mikononi mwa mtu. Anayekubeba anaweza pia kukuangusha. Mfumo wa kafala wa nchi kadhaa za Ghuba nao unamfunga mgeni kwa mtu mmoja, na mabinti wa kutoka vijiji vya huku waliokwenda kufanya kazi za nyumbani wanajua maana yake: ukimkimbia mwajiri anayekutesa, wewe ndiwe unayeandikwa mtoro. Kurudishiwa hadhi hapo mara nyingi kunategemea huyo huyo uliyemkimbia, au msamaha wa serikali unaokuja kwa nadra, kama ule wa Umoja wa Falme za Kiarabu uliofunguliwa tarehe 1 Septemba 2024 na kudumu hadi mwisho wa mwaka, faini za waliopitiliza muda zikafutwa. Omomenya naye aliweza kufukuzwa mwenyeji alipomchoka.

Sheria ya Marekani imemwondoa mtu, ikaweka kalenda mahali pake. Mwanafunzi aliyepoteza hadhi anaweza kuomba arejeshewe, lakini kwa kawaida awe hajapitisha miezi mitano, asiwe amefanya kazi bila kibali, asiwe na mazoea ya kuvunja masharti, awe anasoma au yu tayari kurudi masomoni mara moja. Juu ya hayo, mara nyingi aonyeshe kwamba kosa lilitokana na jambo lililomzidi uwezo: ugonjwa mkubwa, chuo kufungwa, janga la asili, uzembe wa afisa wa chuo. Akipitisha miezi mitano, sharti aeleze ni jambo gani lisilo la kawaida lililomchelewesha. Akikataliwa hakuna rufaa. Anachoweza ni kuomba faili lifunguliwe au liangaliwe upya. Na kuanzia siku inayofuata, siku zake za kukaa bila haki zinaanza kuhesabiwa. Zikizidi 180 kisha akaondoka, mlango unafungwa miaka 3. Zikifika mwaka mzima, miaka 10.

Kanada humpa aliyepoteza hadhi siku 90 kuomba irejeshwe, na wakati wote huo haruhusiwi kusoma wala kufanya kazi. Uingereza ni siku 14 kuomba uamuzi uangaliwe upya, kwa aliye ndani ya nchi. Dirisha ni jembamba, lakini kila mtu anajua upana wake.

Kalenda ina haki yake, na nasema hivyo kwa dhati. Haiulizi wewe ni wa ukoo gani. Haichoki nawe wala haikuombi ng'ombe. Aprili 2025, serikali ya Marekani ilipozifuta rekodi za maelfu ya wanafunzi wa kigeni kwa ghafla, wengi wao bila maelezo ya maana, walikwenda mahakamani wakiwa na sheria iliyoandikwa mkononi. Majaji wakatoa amri za muda katika majimbo mengi, na kabla mwezi haujaisha serikali ikaanza kuzirudisha. Omomenya aliyefukuzwa bila kosa hakuwa na pa kushtaki nje ya watu wale wale waliomfukuza.

Kilichotuangusha sisi ni kwamba tuliingia kwenye kalenda na saa ya wazee. Kijana alinyamaza kwa sababu ya chinsoni, zile heshima na haya zinazowekwa kati ya mzazi na mtoto, maana ni vigumu kumwambia baba aliye kitandani kwamba umeipoteza ile safari aliyoichangisha. Jina la kila aliyetoa kwenye harambee ile liko kwenye daftari la kurasa 96, kuanzia aliyetoa elfu kumi hadi bibi aliyeleta shilingi hamsini na kuku. Kijana alikuwa na picha ya daftari hilo kwenye simu yake. Aliniambia aliifungua karibu kila usiku. Na sisi tulipojua, tuliitisha kikao, tukakiahirisha mara mbili kwa sababu kaka yetu mkubwa alikuwa Nakuru, na wiki tatu zikapita tukiona tumefanya haraka.

Kikao kilipokaa, mkubwa wetu aliamua kumsemea. Iliandikwa barua, wazee watatu wakatia sahihi, na chifu akagonga muhuri wake wa zambarau chini, akaukandamiza kwa kiganja ili wino ushike. Ilisema kijana ametoka nyumba nzuri na kwamba sisi tunasimama badala yake. Nimesoma maombi mengi maishani, na hilo sijaona linalolizidi uzito. Wakili aliyekuwa akimsaidia kijana kule aliipokea kwa heshima, kisha akauliza kama tuna risiti ya hospitali yenye tarehe.

Tulikuwa nayo, imekunjwa ndani ya Biblia ya shemeji yangu. Karatasi ile nyembamba ilifanya kazi ambayo wazee watatu hawakuweza, ingawa haikutosha: ilionyesha kwa nini masomo yaliachwa, lakini haikueleza kimya cha miezi saba. Ombi lilipelekwa Juni. Februari likarudi limekataliwa, kwa sababu hiyo hiyo ya kuchelewa. Kijana hakungoja siku 180. Aprili alipanda ndege akarudi.

Kwetu Kenya tumeona pia haki ikirudi kwa njia ya tatu. Oktoba 2016 Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao waliletwa kutoka Msumbiji kulima mkonge na miwa, na ambao walikaa miongo mingi bila kitambulisho, walitembea kuelekea Nairobi, wakafika Ikulu kumwona rais. Haukupita muda mrefu wakaanza kupewa uraia. Hawakungoja mwenyeji wa kuwasemea wala kalenda ya kuwapa siku zao. Walijipeleka wenyewe, wakaonekana.

Sasa kijana huchuma chai na mama yake asubuhi, mchana anaandika. Amepata nafasi katika chuo kingine, na viza lazima aombe upya Nairobi. Fomu inauliza kama umewahi kuvunja masharti ya viza, naye amejibu ndiyo. Ameandaa na maelezo ya ukurasa mmoja, na wiki iliyopita alitusomea sebuleni, akiyatafsiri kwa Ekegusii aya kwa aya, kaka yangu akiangalia chini muda wote.

Alipofika pale anaposema alinyamaza miezi saba kwa kumwonea baba yake haya, mkubwa wetu aliinua mkono. Alisema hilo ni la nyumbani, haliandikiwi wageni, liondolewe. Kijana alimsikiliza mpaka akamaliza. Akasema, "Baba mkubwa, hilo ndilo waliloniuliza." Kaka yangu akamwambia aendelee kusoma.