Shamba Lililotoka Ubaoni: Picha za Salamu za Guangzhou na Safari ya Chapa

Kati ya mwaka 1757 na 1842, meli ya Ulaya iliyokwisha kupakia chai na hariri Guangzhou haikuweza kung'oa nanga mpaka nahodha wake apewe karatasi moja pana ya forodha. Pindo za karatasi hiyo na maneno yake mengi yalikuwa yamepigwa kwa ubao wa kuchonga. Mapengo yaliyoachwa wazi yalijazwa na karani kwa brashi, kisha ukagongwa muhuri mwekundu. Wageni waliiita chop, na neno hilo asili yake si Kichina wala Kiingereza. Limetoka Bara Hindi, kwenye chhap, chimbuko lile lile lililotupa sisi neno chapa. Naanza na neno kwa sababu hoja nzima imelala humo. Siku hizi anayenunua kadi ya salamu iliyotengenezwa kwa mkono, yenye kibanda, mto na ng'ombe waliogongwa kwa muhuri kisha wakatiwa rangi, huiona kama kitu cha aina mbili zisizopatana: mkono ndio ukweli, chapa ni njia ya mkato, na lile shamba lililochorwa ni kumbukumbu ya mahali ambapo mtu aliwahi kusimama akatazama. Historia ya Guangzhou inakanusha yote mawili. Huko chapa na mkono vilikuwa mtu na mwenziwe, na shamba la kwenye picha, kwa sehemu kubwa, halikutoka shambani. Lilitoka ubaoni.

Desturi ya kutumiana kadi ilikuwepo China karne nyingi kabla ya meli hizo. Tangu enzi ya Song, wenye vyeo mijini waliwatuma watumishi wao kupeleka vikaratasi vyenye majina yao siku ya Mwaka Mpya, ili kuepuka kuzunguka nyumba hadi nyumba. Mshairi na mchoraji Wen Zhengming, aliyeishi kati ya 1470 na 1559, ana shairi linaloikejeli desturi hiyo ya salamu zinazofika bila msalimiaji. Karatasi za barua nazo zilipambwa. Mwaka 1644, huko Nanjing, Hu Zhengyan alitoa mkusanyo wa karatasi za barua wa Studio ya Mianzi Kumi, ambamo kila rangi ilipigwa kwa kibao chake, na baadhi ya mistari haikutiwa wino hata chembe, bali karatasi ilikandamizwa tu mpaka wingu au wimbi likatuna. Aliyeandika barua juu ya karatasi hiyo alitia mkono wake juu ya chapa ya mwingine, na hakuna aliyeona kwamba barua imepungukiwa na utu kwa sababu hiyo.

Shamba lenyewe liliingia kwenye chapa kwa njia inayojulikana vizuri. Katika karne ya 12, afisa mmoja aitwaye Lou Shu, mkuu wa wilaya ya Yuqian karibu na Hangzhou, alichora picha 45 za kazi za vijijini: 21 za kilimo cha mpunga na 24 za hariri, kila moja na shairi lake. Huyu alikuwa ameona. Lakini mwaka 1696 mfalme Kangxi alipoagiza toleo jipya, kazi alipewa Jiao Bingzhen, mtumishi wa Idara ya Falaki mjini Beijing, aliyekuwa amejifunza kwa Wajesuiti namna ya Kizungu ya kuonyesha umbali. Picha zake 46, nusu za mpunga na nusu za hariri, zilichongwa ubaoni, zikapigwa chapa na kusambazwa. Kuanzia hapo mchoraji yeyote aliyetaka mkulima anayelima kwa nyati katika maji ya magoti hakuwa na haja ya kutoka nje na kulowa. Aliifungua picha. Tena umbali aliouona humo, ule mto unaopinda na kufifia nyuma ya miti, ulikuwa umeazimwa kutoka Ulaya. Mzungu aliyekuja baadaye kununua shamba la Kichina Guangzhou alikuwa anauziwa, kwa kiasi fulani, jicho lake mwenyewe.

Na alikuwa na sababu ya kulinunua. Amri ya mwaka 1757 iliifanya Guangzhou bandari pekee iliyokuwa wazi kwa biashara ya bahari ya nchi za Magharibi, na wafanyabiashara wa nchi hizo walibanwa kwenye ukanda mwembamba wa ghala kando ya Mto Lulu, nje ya kuta za mji. Hawakuruhusiwa kuingia mjini wala kwenda vijijini. Ruhusa yao ya kupunga hewa ilikuwa kuvuka mto siku chache zilizopangwa kila mwezi kutembelea bustani za maua za Huadi. Chai waliyoinunua ilitoka milima ya Wuyi huko Fujian na wilaya za Anhui, safari ya majuma mengi. Wao waliona masanduku tu. Kwa hiyo kando ya ghala zao, kwenye njia iliyoitwa Mtaa Mpya wa China, zilistawi karakana za wachoraji. Aliyejulikana zaidi ni Guan Qiaochang, ambaye wageni walimwita Lamqua. Ndiye aliyechora pia picha za wagonjwa wa daktari Mmarekani Peter Parker. Ndugu yake, Tingqua, alishika soko la picha ndogo za rangi za maji: mashua, maua, mafundi, na zaidi ya yote hatua za kulima mpunga, kufuga viwavi wa hariri na kuchuma chai. Ziliuzwa kwa vitabu vyenye jalada la hariri au kwa dazeni katika kisanduku, nyepesi za kutosha kuingia kwenye sanduku la baharia.

Kuanzia miaka ya 1820 nyingi zilichorwa juu ya kitu ambacho Wazungu walikiita karatasi ya mchele. Hakikuwa karatasi, wala mchele haumo. Ni moyo wa shina la kichaka kiitwacho kwa Kichina tongcao. Fundi huusukuma moyo huo mweupe utoke kwenye gome, akaukata vipande, kisha akauzungusha taratibu dhidi ya kisu kipana, kama anayemenya embe bila kulikata ganda, mpaka ukakunjuka kuwa utando laini. Ukubwa wa picha ulitegemea unene na urefu wa kipande, ndiyo maana picha hizi ni ndogo. Rangi haizami ndani yake. Hukaa juu, ikang'aa kama mahameli. Ila utando huo hauvumilii kukunjwa: ukikauka huvunjika kama kaki. Daktari Mwingereza C. Toogood Downing, aliyechapisha mwaka 1838 habari za kukaa kwake Guangzhou, alieleza jinsi karakana ilivyofanya kazi, na jinsi utando ulivyopakwa maji ya shabu kabla ya rangi. Mfaransa Charles Lavollée, aliyefika miaka michache baadaye, alishangazwa na mgawanyo wa kazi: huyu anachora miti tu, yule watu, mwingine nyumba, na picha inapita mkono hadi mkono. Mistari ya mwanzo haikubuniwa kila mara. Utando unapenyeza nuru, hivyo ulilazwa juu ya kielelezo na mistari yake ikafuatishwa. Matokeo yake yako wazi kwa yeyote anayelinganisha mikusanyo ya makumbusho mbalimbali: mkulima yule yule, amejiinamia vile vile, nyati yule yule, lakini huku koti la buluu na kule la kijani.

Kuna wanaosema kwamba hata hivyo picha hizi ni ushahidi. Kwamba bila hizo tusingejua chai ilivyokaushwa au uzi wa hariri ulivyosokotwa. Si kweli kabisa, na kesi ya chai ndiyo inayonishawishi. Picha za hatua za chai ziliuzwa Guangzhou tangu nusu ya pili ya karne ya 18, zikafika Ulaya kwa wingi. Katika muda huo huo, mwaka 1762, mtaalamu wa mimea Linnaeus aliigawa chai kuwa mimea miwili, mmoja wa chai nyeusi na mwingine wa chai ya kijani, na kosa hilo lilidumu. Ilibidi Mskoti Robert Fortune aingie mwenyewe maeneo ya chai katika miaka ya 1840 ndipo Ulaya ikakubali kwamba mmea ni mmoja na tofauti iko kwenye namna majani yanavyotayarishwa. Picha zilikuwa mezani miaka yote hiyo. Hazikuficha kitu, ila hazikuwa zimetengenezwa ili zijibu swali la mkulima. Zilitengenezwa ili zionyeshe mpangilio mzuri: kilima, kibanda, vikapu, wachumaji. Ni ushahidi, naam, lakini ushahidi wa karakana na wa kile ambacho mji uliamini shamba linapaswa kufanana nacho.

Pingamizi lingine ni la jina. Kitabu cha picha kumi na mbili si kadi ya salamu. Hakina heri wala hongera. Hilo nalikubali kwa upande wa maneno, silikubali kwa upande wa kazi. Picha hizi zilinunuliwa ili zitolewe: kwa mama, kwa mchumba, kwa mwajiri kule Boston au London, zikisema kwamba nilikuwa huko na nilikukumbuka. Na mtu akitazama kadi inayotambuliwa kuwa ya kwanza ya Krismasi kuuzwa madukani, atakuta jirani wa karibu. Mwaka 1843, mjini London, Henry Cole alimwomba John Callcott Horsley achore kadi. Nakala zake, zinazokisiwa kuwa elfu moja hivi, zilipigwa chapa ya jiwe kwa mistari tu, kisha rangi zikatiwa kwa mkono, moja baada ya moja. Mstari wa kurudiwa na rangi ya mkono: ndiyo kazi iliyokuwa ikiendelea mwaka huo huo kwenye Mtaa Mpya wa China. Sidai kwamba London iliiga Guangzhou. Nadai kwamba tatizo lilikuwa moja, la kumpa kila mpokeaji kitu kilichoguswa na mkono kwa bei ya kitu cha wengi, na miji miwili ililitatua kwa namna moja.

Lililo zito zaidi ni lile la wanaosema kwamba kazi ya kunakili, tena iliyogawanywa mikono mitano, ni bidhaa na si sanaa. Msomaji wa Afrika Mashariki amelisikia hili mara nyingi, limeelekezwa Dar es Salaam. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora kwa rangi za mafuta juu ya vipande vya mbao mwaka 1968, akafa mwaka 1972. Waliobaki wakaendeleza chui wake na ndege wake, na ushirika wao ulipoandikishwa mwaka 1990 tayari dunia ilikuwa inauliza ipi ni Tingatinga halisi. Swali hilo linamtaka fundi awe kile asichowahi kudai kuwa. Karakana hupima ubora kwa kipimo kingine: mkono gani unajua kuiacha rangi ya maji isimame juu ya utando bila kutiririka, nani anaweza kuchora unywele wa nyati kwa pigo moja. Kielelezo kilichorithiwa humwondolea fundi mzigo wa kubuni, na nguvu yote ikahamia kwenye utekelezaji. Picha dhaifu za Guangzhou zipo, tena nyingi, hasa za baada ya kamera kufika. Mpiga picha Jules Itier alipiga picha zake za daguerre mjini humo mwaka 1844, na moto wa 1856 ulioteketeza ghala za wageni ukalitawanya soko. Lakini udhaifu wake ni wa haraka na bei ya chini, si wa kunakili.

Nje kidogo ya mji mambo yalikuwa na sura nyingine. Foshan, safari fupi kutoka Guangzhou, ilitoa picha za Mwaka Mpya za ubao, walinzi wa milango na miungu ya heri juu ya rangi nyekundu kali, kwa ajili ya wanavijiji wenyewe; kazi hiyo iliingizwa kwenye orodha ya kwanza ya taifa ya urithi usioshikika mwaka 2006. Mwanakijiji alipobandika picha mlangoni mwake, hakubandika shamba. Alibandika mlinzi mwenye upanga. Mandhari ya mpunga ilikuwa haja ya asiyelima. Na katika wilaya ya Shunde, kijiji cha Magang kilijulikana katika karne ya 19 kwa kuchonga mbao za vitabu, kazi iliyofanywa kwa wingi na wanawake na watoto kwa ujira mdogo. Kwa hiyo kijiji kilikuwemo kwenye chapa ya Guangdong, jimbo la Guangzhou, ila kama mshika kisu.

Mtu anaweza kuniuliza kuhusu mchonga chapa Li Hua. Mwaka 1934 alianzisha Guangzhou Chama cha Chapa za Kisasa pamoja na wanafunzi wake, wakatoa jarida lililopigwa kwa mbao zao wenyewe mpaka 1936, lenye wakulima, vibarua na desturi za watu wa kawaida. Hawa walitaka kutazama kwa macho yao. Walitazama kweli, na hapa hoja yangu inalegea. Hata hivyo kisu walijifunza kwa barua na chapa: aliyewaongoza kutoka mbali alikuwa mwandishi Lu Xun, aliyewahi kufundisha Guangzhou kwa miezi michache mwaka 1927. Huyo ndiye aliyekusanya chapa za Ulaya, na mwaka 1933, pamoja na Zheng Zhenduo, akachapisha upya karatasi za barua za Beijing ili zisipotee. Mtu mmoja, mkono mmoja kwenye mapinduzi na mwingine kwenye karatasi ya salamu.

Leo mfanyabiashara kutoka Kariakoo au Eastleigh anayeshuka Barabara ya Yide, ambako maduka ya jumla ya vifaa vya kuandikia na mapambo yamepakana na ya samaki wakavu, yuko mwendo mfupi tu kutoka zilipokuwa ghala zile. Karakana za Tingqua hazipo. Mwaka 2001 Mwingereza Ifan Williams, aliyezisaka picha hizo kwenye minada na maduka ya vitu vya kale, alikabidhi 60 kwa Makumbusho ya Guangzhou, kwa kuwa katika mji ulikozaliwa ufundi huo zilikuwa zimekwisha kuwa adimu. Zimerudi na wakulima wao wasiowahi kuwa wa Guangdong. Sehemu pekee ya picha iliyowahi kweli kuota kijijini ni ule utando mweupe nyuma ya rangi, uliomenywa kutoka kwenye kichaka na mtu ambaye jina lake halikuandikwa popote kwenye kisanduku.