Kipanya: Gari Lisilo na Mbwembwe Lililobeba Mji

Wadau, kabla ya mwendokasi na bodaboda, Dar ilikuwa na kipanya. Waliokulia mjini hapa wananielewa.

Historia yake inaanzia Japani mwaka 1967, Toyota ilipotoa HiAce ya kwanza. Huku kwetu, abiria wa Dar walitegemea UDA, shirika lililoanza 1974. Mabasi yakawa hayatoshi, watu wakasota vituoni. Mwaka 1983 serikali ikaruhusu magari ya watu binafsi. Nauli shilingi 5, sarafu iliyoitwa "dala", ndo jina daladala likazaliwa. Mwanzoni yalikuwa magari ya kila aina, baadaye HiAce za mtumba zikajaa barabarani, tukaziita vipanya.

Kwa nini hizo? Hamna siri. Injini iko chini ya siti za mbele, kwa hiyo nyuma kote ni nafasi ya abiria, na abiria ndo hela. Gari likizingua, fundi ananyanyua siti, anaanza kazi. Spea zipo Kariakoo. Hakuna AC wala skrini, kwa hiyo vya kuharibika ni vichache.

Na hapo ndo penyewe. Dereva anadaiwa hesabu ya tajiri kila jioni. Gari likilala gereji siku moja tu, hesabu hamna, na nyumbani chungu hakipandi jikoni.

Tulicheka sana kubanana mle, magoti kifuani. Ila kuna watoto wa mjini waliolipiwa ada na siti zilezile.