Sayansi ya Siasa kama somo dogo chuoni: Maana, manufaa na tahadhari

KILA mwaka vijana wanaojiunga na vitivo vya sanaa katika vyuo vikuu nchini hutakikana kuteua masomo watakayoyafuata hadi kuhitimu. Aghalabu uteuzi huo hufanywa kwa haraka, katika majuma ya kwanza, mwanafunzi akiwa bado hajaizoea hata njia ya kwenda maktabani. Miongoni mwa masomo yanayowavutia wengi ni Sayansi ya Siasa. Wapo wanaoifanya somo kuu, na wapo wanaoichukua kama somo dogo. Makala haya yanawahusu hawa wa pili.

Somo kuu na somo dogo

Katika mpango uliozoeleka wa Shahada ya Sanaa, mwanafunzi huanza na masomo matatu katika mwaka wa kwanza, kisha huyapunguza kadiri anavyopanda madarasa. Somo kuu ndilo linalobeba kozi nyingi zaidi, na ndilo linalompa mwanafunzi utambulisho wake wa kitaaluma. Somo dogo huwa na kozi chache, lakini kozi hizo husomwa kwa mpangilio na kutahiniwa kwa kiwango sawa. Taratibu hutofautiana kutoka chuo kimoja hadi kingine. Kwa hivyo, mwongozo wa kitivo husika ndio wa kutegemewa, wala si maneno ya wanafunzi waliotangulia.

Yanayofundishwa

Wengi hudhani kwamba Sayansi ya Siasa ni somo la kuwaandaa wanasiasa. Sivyo. Ni taaluma inayochunguza mamlaka: yanatoka wapi, yanatumiwaje, na yanadhibitiwa na nani. Taaluma hii ina matawi kadhaa.

Tawi la kwanza ni nadharia ya siasa. Hapa mwanafunzi hukutana na wanafalsafa kama Plato, Aristotle, Hobbes, Locke na Rousseau. Hufunzwa pia kutofautisha istilahi ambazo katika mazungumzo ya kawaida huchanganywa. Dola si serikali, na serikali si taifa. Serikali huja na kuondoka kila baada ya uchaguzi; dola hubaki; nalo taifa ni watu wanaojihisi kuwa kitu kimoja. Asiyezijua tofauti hizi atashindwa kueleza ni kwa nini kuikosoa serikali si kuisaliti nchi.

Tawi la pili ni siasa linganishi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa rais mihula miwili pekee ya miaka mitano mitano. Uganda iliondoa kikomo cha mihula mwaka 2005, na mwaka 2017 ikaondoa kikomo cha umri wa rais. Mwanafunzi huulizwa: Ni nini kilichowezesha badiliko hilo katika nchi moja na kulizuia katika nchi jirani? Jibu huhitaji kuchunguza bunge, mahakama, vyama, jeshi na historia, badala ya kuwalaumu au kuwasifu viongozi tu.

Tawi la tatu ni uhusiano wa kimataifa. Mfano ulio karibu nasi ni Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyovunjika mwaka 1977, ikafufuliwa kwa mkataba uliotiwa saini mwaka 1999, na ambayo leo ina wanachama wanane baada ya Somalia kujiunga mwaka 2024.

Tawi la nne ni usimamizi wa umma. Hapa huchunguzwa utumishi wa serikali, bajeti na ugatuzi. Mathalan, Katiba inaagiza kaunti zote 47 zigawiwe kiasi kisichopungua asilimia 15 ya mapato ya taifa, kwa kuzingatia hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa. Ni kifungu kifupi, lakini ndicho kiini cha mivutano ya kila mwaka kati ya magavana na serikali kuu.

Tawi la tano ni uchumi wa kisiasa. Mwanafunzi wa Afrika Mashariki huweza kulinganisha Waraka Nambari 10 wa Kenya wa mwaka 1965 na Azimio la Arusha la mwaka 1967 nchini Tanzania. Nyaraka zote mbili zilitaja ujamaa, ila nchi hizi mbili zilifuata njia tofauti kabisa.

Historia yake katika eneo hili

Makerere, Dar es Salaam na Nairobi vilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kati ya mwaka 1963 na 1970. Msomi aliyeipa taaluma hii sifa kubwa ni marehemu Profesa Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa, aliyefundisha Makerere hadi alipoondoka Uganda wakati wa utawala wa Idi Amin. Alifariki mwaka 2014. Mwingine ni Profesa Peter Anyang' Nyong'o, aliyesomea Makerere na Chicago, akafundisha chuoni, kisha akaingia siasa na kuchaguliwa gavana wa Kisumu mwaka 2017.

Njia haikuwa rahisi. Mwaka 1982 Kenya ilifanywa kisheria kuwa nchi ya chama kimoja, na katika mwaka huo huo wahadhiri kadhaa wa vyuo vikuu walizuiliwa bila kushtakiwa. Kifungu hicho cha sheria, yaani 2A, kilifutwa mwezi Desemba mwaka 1991. Mwanafunzi anayejadili leo mfumo wa vyama vingi bila woga anafurahia uhuru ambao waliomtangulia waliulipia.

Linaoana na masomo gani?

Thamani ya somo dogo hutegemea linavyokamilisha somo kuu. Mwenye kusomea Uchumi hupata kuelewa kwa nini sera iliyo bora kwa hesabu hukataliwa bungeni. Mwenye kusomea Mawasiliano huweza kuripoti uchaguzi akijua kwamba mshindi wa urais ahitaji zaidi ya nusu ya kura zote, pamoja na angalau asilimia 25 ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti, yaani kaunti 24 au zaidi. Mwenye kusomea Sosholojia huongeza taasisi juu ya jamii. Naye wa Kiswahili hupata jicho la kuichambua lugha ya majukwaani.

Mambo ya kutahadhari

Kwanza, anayenuia kuwa mwalimu awe macho. Tume ya Huduma za Walimu humtaka mwalimu wa sekondari awe na masomo mawili yanayofundishwa shuleni, awe amepata angalau alama ya C+ katika kila mojawapo kwenye mtihani wa KCSE, na awe amesoma chuoni kozi zisizopungua nane za kila somo. Sayansi ya Siasa si somo la shule za sekondari. Anayeiteua badala ya Historia huenda akagundua kasoro hiyo baada ya kuhitimu, wakati ada imekwisha kulipwa na miaka imepita.

Pili, mwenye azma ya kuendelea na shahada ya uzamili katika taaluma hii aulize mapema iwapo kozi za somo dogo zitatosha. Idara nyingine hutaka mwombaji awe amelifanya somo kuu, au asome kozi za ziada kabla ya kukubaliwa.

Tatu, somo hili halimpi mtu leseni ya kazi kama ilivyo kwa uhandisi au uuguzi. Linampa uwezo wa kusoma nyaraka, kupima hoja na kuandika kwa ufasaha. Uwezo huo huthaminiwa katika mashirika ya kijamii, kaunti, vyombo vya habari na utafiti, lakini sharti uthibitishwe kwa kazi iliyoandikwa.

Namna ya kulisoma

Mwanafunzi asitosheke na muhtasari wa darasani. Aisome Katiba yenyewe, kumbukumbu rasmi za Bunge na maamuzi ya mahakama, hasa lile la Septemba 1, 2017, ambapo Mahakama ya Juu ilibatilisha uchaguzi wa urais, na lile la Machi 31, 2022, kuhusu mswada wa BBI. Asome pia maoni ya majaji waliotofautiana na wenzao, kwa kuwa hapo ndipo hoja hupimwa.

Zaidi ya yote, ajitenge na ushabiki. Shabiki huanza na jibu kisha akatafuta sababu. Mwanasayansi wa siasa huanza na swali. Anayeshindwa kueleza kwa haki hoja ya mpinzani wake hajahitimu, hata akiwa na cheti.

Kabla ya kujaza fomu, basi, mwanafunzi na ajiulize maswali matatu: Somo hili litaongeza nini katika somo langu kuu? Je, litanifungia mlango wowote wa ajira ninayoitamani? Na kozi zinazohitajika zitafundishwa katika mihula gani? Majibu ya maswali hayo yako katika ofisi ya idara, na ni heri kuyapata sasa kuliko katika mwaka wa nne.