Umeme Uliokuwa Ndani ya Mti
Mwaka 1880, ndugu wawili wa Ufaransa, Jacques na Pierre Curie, walionyesha kwamba baadhi ya fuwele, zikiwamo za sukari ya miwa, hutoa chaji ya umeme zikigandamizwa. Mwaka 1955, Mjapani Eiichi Fukada aliithibitisha sifa hiyo katika mbao; mwaka 1957, yeye na Iwao Yasuda wakaithibitisha katika mfupa.

Hata hivyo, viwanda vilichagua kauri zenye madini ya risasi, kwa kuwa chaji yake ni kubwa zaidi. Leo, watafiti wanaotafuta vihisi vya mgandamizo vya bei nafuu, vinavyopindika na kuoza, wanairejea selulosi ya mti.

Mbao hazikushindwa, kipimo cha ubora ndicho hakikuihesabu sumu ya taka. Apangaye kipimo ndiye aamuaye nani atazikwa na taka hizo.